Shajara ya mradi: kuyavunja maandalio 12 ya mada ya umeme

Wiki ya 1, Jumatatu

Mradi wenyewe si mkubwa. Ni maandalio 12 ya somo ya mada moja, saketi za umeme, kila kipindi dakika 40. Nimekuwa nikiyatumia mwaka hadi mwaka nikibadilisha tarehe tu juu ya ukurasa. Mwenzangu anafundisha mada hiyohiyo katika mkondo wa pili (mkondo wa wanafunzi, si wa umeme), naye anakiri kuwa yake ni nakala ya yangu. Tumekubaliana kuyavunja na kuyajenga upya. Kila lengo na kila swali tutalipima kwa ngazi za kufikiri, kisha ndipo tuchague zana za mtandaoni. Zana zitakuja mwisho. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa juu ya faili kwa sababu najijua: nikiona programu mpya, huanza kutafuta somo la kuitilia.

Tumefungua jedwali kwenye Google Sheets ambalo wote wawili tunaliandika. Kila mstari ni swali au zoezi moja. Safu ni tano: namba ya kipindi, swali kama lilivyoandikwa, kitenzi chake, ngazi, na zana. Safu ya ngazi tumeiwekea orodha ya kuchagua, ili mmoja asiandike "kuchambua" na mwingine "uchambuzi" halafu hesabu zikatae.

Ngazi tunazotumia ni zile sita za mpangilio wa Bloom wa ngazi za kufikiri, katika toleo la 2001 lililohaririwa na Lorin Anderson na David Krathwohl: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Toleo la awali la Benjamin Bloom na wenzake, la 1956, lilitumia majina badala ya vitenzi: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi, tathmini. Wengi wetu tulifundishwa hilo la zamani chuoni, kwa hiyo mwenzangu bado anatafuta "usanisi" katika orodha. Nafasi yake sasa ina "kuunda", nayo imepanda hadi juu kabisa, ikaipita tathmini.

Wiki ya 1, Jumatano

Tumemaliza kuingiza. Mistari 74. Fomula ya COUNTIF imetuhesabia: kukumbuka 51, kuelewa 14, kutumia 9. Kuchambua, kutathmini na kuunda: sifuri, sifuri, sifuri.

Nilijua hali si nzuri, ila sikutegemea ngazi tatu nzima ziwe tupu. Hata hizo 9 za kutumia, 8 ni hesabu za V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa kinauzuia mkondo) zenye namba tofauti: leo volti 6 na omu 3, kesho volti 12 na omu 4.

Wiki ya 1, Ijumaa

Leo nilifanya jambo la kijinga kwa saa mbili nzima. Nilichukua moja ya zile orodha za vitenzi zinazozagaa mtandaoni, kila ngazi na vitenzi vyake, nikaanza kubadilisha. "Taja tofauti 3 kati ya saketi ya mfululizo na saketi sambamba" ikawa "Changanua tofauti 3 kati ya saketi ya mfululizo na saketi sambamba" (katika mfululizo vifaa hufuatana kwenye njia moja; katika sambamba kila kimoja kina njia yake). "Orodhesha kazi za swichi" ikawa "Tathmini kazi za swichi". Mpaka saa kumi jioni jedwali lilikuwa limependeza: rangi sita, kila ngazi na fungu lake.

Mwenzangu akafungua faili, akaandika maoni pembeni ya mstari wa kwanza: "Mwalimu, jibu la swali hili limebadilika?"

Halijabadilika. Ni zile sentensi tatu nilizowaandikia ubaoni kipindi cha 5. Mwanafunzi atazitapika vilevile, swali liseme "taja" au liseme "changanua". Nimerudisha faili katika hali ya Jumatano kupitia historia ya matoleo.

Wiki ya 2, Jumatatu

Maoni yale yamenikaa kichwani siku mbili. Kama kitenzi hakibebi ngazi, ngazi inabebwa na nini?

Nimegundua kwamba kwetu tatizo la vitenzi ni kubwa zaidi kwa sababu ya kitenzi kimoja: eleza. Katika jedwali letu kimetokea mara 19. "Eleza maana ya ukinzani" inataka fasili iliyokaririwa. "Eleza sehemu za saketi" inataka orodha. "Eleza kwa nini balbu ya pili haikuwaka" inataka hoja yenye sababu. Neno moja, kazi tatu, na mwanafunzi mwerevu akisoma "eleza" huchagua ile iliyo rahisi. Simlaumu.

Kwa upande mwingine lugha imetusaidia. Mwenzangu alikumbusha kuwa kuchambua ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya kichwa: unachambua pamba, unatoa mbegu na takataka, unabaki na unachokitaka. Kwa hiyo swali la kuchambua sharti limpe mwanafunzi kitu kilichochanganyika. Ukimpa pamba iliyokwisha kuchambuliwa, hana cha kufanya. Na kulinganisha kuna mwenzake, kulinganua, ambako ni kutafuta mahali vitu viwili vinapoachana. Maswali yetu mengi yalisema "linganisha" yakitaka tofauti tu.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimepata jibu, na aibu ni kwamba limekuwapo tangu 1956. Bloom na wenzake walisema wazi kwamba huwezi kuliweka swali katika ngazi bila kujua, au angalau kukisia, mwanafunzi amepitia nini kabla ya kulikuta. Swali lilelile ni uchambuzi kwa asiyewahi kuliona, na ni kumbukumbu tupu kwa aliyeonyeshwa jibu jana. Orodha za vitenzi zimeliacha hilo nje. Na hata ile piramidi ya rangi inayobandikwa kila mahali haimo katika kitabu chao. Ilichorwa baadaye na watu wengine.

Tumeongeza safu ya sita: "Ameshaonyeshwa?" Majibu ni matatu: ndiyo vilevile, ndiyo kwa sura nyingine, hapana. Kanuni yetu ni fupi: likiwa "ndiyo vilevile", swali linashuka hadi kukumbuka, kitenzi kiwe chochote.

Tumepitia mistari yote 74 upya. Katika zile 14 za kuelewa, 9 zimeshuka. Hesabu 8 za V = IR hazikushuka, ila tumezipa alama ya pembeni. Toleo la 2001 linagawa kila ngazi katika michakato midogo, 19 kwa jumla, na ndani ya "kutumia" kuna miwili: kufuata hatua unazozijua kwenye zoezi la aina uliyoizoea, na kuchagua mwenyewe hatua za kutumia kwenye tatizo geni. Zetu zote 8 ni za aina ya kwanza. Mwanafunzi hajawahi kuulizwa swali ambamo lazima aamue kwanza kama V = IR inafaa.

Wiki ya 2, Alhamisi

Jedwali la pili. Toleo la 2001 lina upande wa pili ambao walimu wengi hatuugusi: aina za maarifa. Ziko nne, nasi tumeziita taarifa, dhana, mbinu, na kujijua kifikra (yaani kujua namna unavyofikiri na mahali unapokwama). Nne mara sita ni visanduku 24. Fomula ya COUNTIFS imejaza kila kisanduku kwa idadi ya maswali yetu.

Karibu yote yamelundikana kona moja: kukumbuka taarifa. Mstari wa kujijua kifikra ni mweupe mwanzo hadi mwisho.

Hatutajaza visanduku vyote 24. Nimeona mahali pengine watu wakifanya hivyo kama wanacheza bingo, na somo linakuwa jalala. Tumechagua vinne tu: kuelewa dhana, kutumia mbinu kwenye tatizo geni, kuchambua dhana, na kutathmini dhana. Kuunda tumekuweka kando kwanza. Kukumbuka hatukutupi, maana asiyejua amita (kipima mkondo) inaunganishwaje hawezi kuchambua chochote.

Wiki ya 3, Jumatatu

Tumeanza kuandika, na tumeanza na kipindi cha 12. Ukijua mwanafunzi anatakiwa aweze nini siku ya mwisho, vipindi 11 vya kabla vinajipanga kwa kuulizwa: hiki kinamsogeza huko au kinamchelewesha?

Swali la mwisho tumeliazima kwa Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, waliolichapisha mwaka 1992. Balbu tano zinazofanana, betri tatu zinazofanana. Saketi ya kwanza ina balbu moja, A. Ya pili ina mbili kwa mfululizo, B na C. Ya tatu ina mbili sambamba, D na E. Zipange kwa mwangaza, utoe sababu. Ukichukulia kwamba betri haina ukinzani wa ndani, A, D na E zinawaka sawa, na B na C zinawaka sawa kwa unyonge zaidi. Hakuna namba hata moja, hakuna cha kukokotoa, na bado wanafunzi wa chuo kikuu waliokwisha kusoma umeme walilikosa kwa wingi.

Nilimpa mwenzangu swali hili bila kumwambia linatoka wapi. Alisita kwenye D na E. Mimi pia mara ya kwanza nilisita.

Uzuri wa swali uko katika makosa yake. Anayesema B inashinda C anaamini mkondo unaliwa: balbu ya kwanza inakula, ya pili inapata makombo. Anayesema D na E zinagawana mwanga wa A anaamini betri hutoa kiasi kilekile cha mkondo, saketi iwe yoyote. Kila jibu lisilo sahihi lina fikra nyuma yake. Hayo ndiyo tuliyokuwa tumeyakosa katika maswali yetu 74. Katika maswali yetu mwanafunzi akikosa, tunachojua ni kwamba amekosa.

Wiki ya 3, Jumatano

Sasa zana. Nimeruhusiwa.

Kwa kipindi cha 6 tunatumia uigaji wa saketi wa PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Hautozi kitu. Unaburuta betri, nyaya, balbu, vikinza, amita, na saketi inafanya kazi pale pale.

Andalio la kwanza nililoandika lilikuwa na hatua 11: unganisha betri ya volti 9, weka kikinza cha omu 10, soma amita, andika. Ongeza cha pili kwa mfululizo, soma, andika. Tulilijaribu sisi wenyewe kana kwamba ni wanafunzi. Tulimaliza hatua zote 11 bila kufikiri hata mara moja. Amita ilisema ampia 0.9, kisha 0.45, tukaandika 0.9, kisha 0.45. Zana ni ya kisasa, kazi ni ya kunakili. Laiti ningekuwa nimeandika namba hizo ubaoni ningeokoa dakika 30.

Tumeligeuza. Hatua ni tatu tu. Kwanza mwanafunzi anatabiri: amita mbili, moja kabla ya vikinza viwili na nyingine baada yake, zitasomaje? Anatuma utabiri pamoja na sababu kwenye fomu, na hawezi kuubadilisha. Pili anajenga na kutazama: zote mbili zinasoma 0.45. Tatu, anaandika ni sehemu gani ya sababu yake ya kwanza imeanguka, na ipi imesimama. Hiyo hatua ya tatu ndiyo iliyojaza kisanduku cha kwanza katika ule mstari mweupe.

Fomu ya Google inaweza kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na chaguo lake. Kwa hiyo aliyetabiri kwamba amita ya pili itasoma kidogo anakutana na swali lake: "Kama mkondo umepungua, uliopotea umekwenda wapi?" Aliyetabiri sawa anaulizwa: "Kama haupungui, kwa nini betri huisha?" Swali la pili hili mwenzangu ndiye aliyelitunga, na naliona bora kuliko yangu yote.

Wiki ya 3, Ijumaa

Intaneti haikupatikana siku nzima. Uigaji wa PhET wa toleo la HTML5 unapakuliwa ukawa faili moja linalofunguka katika kivinjari bila mtandao. Tumelipakua na kulisambaza kwenye kompyuta zote. Fomu haina njia hiyo, kwa hiyo tumechapisha utabiri kwenye karatasi, na lile tawi la maswali mawili tumeliweka nyuma ya karatasi: "Kama ulichagua (b), geuza." Limefanya kazi vizuri kiasi cha kunitia mashaka kama fomu ilihitajika.

Wiki ya 4, Jumatatu

Vipindi vya 1 hadi 4 vimekwisha fundishwa. Sina mengi ya kuandika. Ni msamiati, alama za vifaa, namna ya kuunganisha amita na voltimita. Tumevibana kutoka vipindi vitano vya zamani hadi vinne, tukitumia maswali ya kukumbuka ya dakika 5 mwanzoni mwa kila kipindi.

Wiki ya 4, Jumatano

Kipindi cha 5, na kosa langu la pili.

Tulitaka swali la kuchambua lipigiwe kura na darasa zima kwenye Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni ambamo kila chaguo lina rangi yake. Niliandika swali zuri: balbu tatu sambamba, moja inachomolewa, nini kitatokea kwa mbili zilizobaki? Chaguo nne, kila moja na fikra yake potofu. Nikaacha muda wa kawaida, sekunde 20, na alama zinazopungua kadiri unavyochelewa.

Matokeo: vidole vilikwenda mbio kuliko macho. Sekunde 6, nusu ya darasa ilikwisha kujibu. Niliuliza mmoja kwa nini alichagua nyekundu. Akasema nyekundu ilikuwa karibu na kidole gumba.

Zana haikuwa na hatia. Ni mimi niliyeweka swali la kufikiri ndani ya mashindano ya mbio. Nimebadilisha mipangilio: dakika 2, alama hazitegemei kasi. Na tumeongeza utaratibu ambao Eric Mazur wa Harvard alianza kuutumia mwaka 1991 katika madarasa yake ya fizikia: kura ya kwanza kila mtu peke yake, bila kuonyesha jibu, kisha mnageukiana wawili wawili na kushawishiana, kisha kura ya pili. Mwalimu haongei katikati. Hilo la kutoongea ndilo gumu kuliko yote. Leo nilijikuta nimeshafungua mdomo mara mbili.

Mwenzangu ameufanya kwenye mkondo wake kwa mikono tu, kidole kimoja hadi vinne kifuani. Hakuna mtandao, hakuna alama. Anasema mazungumzo yalikuwa yaleyale. Safu ya "zana" katika mstari huo sasa ina maneno mawili: "vidole, au Kahoot".

Wiki ya 4, Alhamisi

Tumejaribu kuomba msaada wa programu ya akili mnemba. Ombi la kwanza: "Tunga maswali 12 kuhusu saketi sambamba, mawili kwa kila ngazi ya Bloom." Yalitoka kwa sekunde chache, yamepangika, na yote yalikuwa mtego wangu wa Ijumaa ile: kitenzi cha ngazi mwanzoni, kumbukumbu nyuma yake. "Tathmini umuhimu wa saketi sambamba." Umuhimu uko ukurasa wa pili wa daftari, umeorodheshwa. Na katika jibu moja ilidai kwamba ukiongeza kikinza sambamba ukinzani wa jumla unapanda. Unashuka. Vikinza viwili vya omu 10 sambamba vinakuwa omu 5, na betri ya volti 9 inatoa ampia 1.8 badala ya 0.9.

Ombi la pili lilikuwa refu. Tuliieleza wanafunzi wameshaonyeshwa nini hasa, kipindi kwa kipindi, tukaitajia zile fikra mbili potofu, tukaomba majibu manne ambayo mwanafunzi anayeamini mkondo unaliwa angeyaandika, kwa lugha yake. Hapo ilitoa kitu. Kati ya manne tulitumia mawili kama yalivyo, moja tulilirekebisha, la nne tulilitupa. Kwa maneno mengine ilianza kufaa pale tulipoijazia ile safu ya sita. Na jibu la mwisho sharti mwalimu alikokotoe kwa mkono wake kabla ya kuliweka mbele ya darasa.

Nimegundua pia kwamba lile jibu lake lenye kosa ni zoezi zuri la kutathmini. Tumelihifadhi: "Hapa kuna maelezo ya saketi sambamba. Sentensi moja si kweli. Itafute, uithibitishe kwa uigaji, uiandike upya."

Wiki ya 5, Jumanne

Kipindi cha 9, kutathmini. Hiki ndicho nilichokiogopa, maana kwa miaka yote nilidhani kutathmini ni kuuliza "unaonaje?"

Swali tulilolijenga: katika uigaji, ukiongeza balbu ya pili sambamba, ya kwanza haibadiliki hata kidogo. Kwenye meza, kwa betri iliyochoka na balbu za kweli, ya kwanza inafifia kidogo. Je, uigaji umekosea? Mwanafunzi anatakiwa kuamua, kwa kigezo.

Wengi walisema uigaji ni wa uongo. Wachache walisema betri ya mezani ni mbovu. Kikundi kimoja kikachimba kwenye menyu ya mipangilio ya ziada, kikakuta sehemu ya ukinzani wa betri iko kwenye sifuri. Wakaipandisha hadi omu 2. Balbu ya kwanza ikafifia mbele ya macho yao. Kwa vikinza vya omu 10, kimoja peke yake kinapata volti 7.5; ukiongeza cha pili sambamba kila kimoja kinabaki na takriban 6.4. Wakaita vikundi vingine vije kuona.

Mjadala uliofuata haukuwa tena juu ya nani mkweli. Ulikuwa juu ya lini unaruhusiwa kupuuza ukinzani wa betri na lini huruhusiwi. Niliandika vigezo vyao ubaoni nikakaa. Kipindi kilipita kwa dakika 7 na sikujali.

Kwa wenzangu watakaotumia andalio hili: mkondo wa pili hakuna kikundi kilichoigundua ile sehemu. Mwenzangu ilibidi awaulize, "Betri ya kweli ina nini ambacho hii haina?" Swali hilo limeingizwa kwenye andalio kama la akiba, litolewe baada ya dakika 15, si kabla.

Wiki ya 5, Alhamisi

Tulisema kuunda tumekuweka kando, lakini wanafunzi walitaka "kutengeneza kitu", nasi tukakubali bila kufikiri. Tukawapa kazi ya slaidi: tengenezeni wasilisho kuhusu mfululizo na sambamba. Yamekuja maridadi, yana picha zinazosogea, na maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno. Wamebuni rangi. Fizikia wameiazima.

Badala yake, leo: kila kikundi kiunde kwenye uigaji saketi ambayo ukiitazama haraka ni sawa, lakini balbu fulani haiwaki. Wapige picha ya skrini, waibandike kwenye ukuta wa pamoja wa Padlet bila jibu. Kikundi kingine kitafute hitilafu, kiandike chini yake sababu na marekebisho.

Kelele zilikuwa za kazi. Mmoja alificha nyuma ya balbu waya wa mkato, unaoupa mkondo njia ya kuikwepa balbu. Wengine waliweka betri mbili zinazotazamana, chanya kwa chanya, volti zikafutana. Kikundi kimoja kilikuja kulalamika kwamba saketi yao imekataa kuharibika: kila wakikata waya mmoja, balbu inaendelea kuwaka. Walikuwa wamejenga sambamba bila kukusudia. Nikawauliza, "Kwa hiyo mkitaka kuizima mkate wapi?" Wakarudi mezani.

Ukiniuliza, kuharibu kwa makusudi kunadai maarifa mengi kuliko slaidi 10. Sharti ujue mwenzako atatazama wapi kwanza.

Wiki ya 6, Jumatatu

Kipindi cha 12, balbu tano. Katika mkondo wangu zaidi ya nusu walipanga sawa na wakatoa sababu inayosimama. Si wote, na wale waliokosa karibu wote wamebaki na fikra moja, ile ya betri inayotoa mkondo uleule siku zote. Fikra ya mkondo kuliwa imebaki kwa wachache sana.

Nikafungua jedwali kutafuta sababu. Nimechuja mistari kwa fikra potofu. Mkondo kuliwa tumeushambulia katika vipindi vya 5, 6, 8 na 10, kwa njia nne tofauti. Betri na mkondo wake tumeigusa mara moja tu, kipindi cha 7, kwa swali ambalo nikilisoma leo naona limepewa ngazi ya kuchambua na safu ya sita inasema "ndiyo vilevile". Kanuni yetu wenyewe ingelishusha. Tulilipitisha sote wawili.

Hesabu ya sasa, mistari 58: kukumbuka 20, kuelewa 13, kutumia 11, kuchambua 8, kutathmini 4, kuunda 2. Baada ya kukishusha hicho kimoja, kukumbuka 21 na kuchambua 7.

Wiki ya 6, Jumanne

Tumekaa na kipindi cha 7 saa nzima. Wazo lililobaki mezani: amita iwekwe karibu na betri, vikinza vya omu 10 viongezwe sambamba kimoja kimoja, na mwanafunzi atabiri kila mara kabla ya kuongeza: 0.9, 1.8, kisha? Tatizo ni kwamba baada ya cha pili ruwaza imeshaonekana, na utabiri wa tatu ni kukumbuka. Mwenzangu anapendekeza cha tatu kiongezwe kwa mfululizo na vile viwili, bila onyo. Omu 15, ampia 0.6. Amita inashuka wakati vifaa vimeongezeka.

Nimeiandika kwenye mstari wa 59. Safu ya sita: "hapana". Alhamisi anaijaribu yeye kwanza, mimi nakaa nyuma ya darasa na karatasi.